Kipete cha Muda

Jinsi nilivyofika Kokwa haina haja ya kusimuliwa. Nilishuka ngazi, nikachoka, nikakaa, nikashuka tena, mpaka ngazi zikaisha. Wanaopenda habari za njiani wawatafute vijana, ambao bado wana magoti. Mimi nilikwenda kuiona nchi, na nchi ndiyo nitakayoieleza.

Kokwa iko chini ya nchi nyingine zote. Sisi wa juu tuna maji, taa, saa za kutuamsha na milango inayofunguka tukiisukuma, wala hatuulizi vitu hivyo vinatoka wapi. Vinatoka Kokwa. Watu wake hufundishwa neno moja kabla hawajaota meno ya pili: nchi ya juu ikijikwaa, huanguka peke yake, Kokwa ikijikwaa, tunaanguka sote. Ni neno la kweli. Tabu ni kwamba wamegundua kuwa njia nyepesi ya kutojikwaa ni kutopiga hatua, na wengi wao hustaafu wakiwa wamesimama palepale walipoajiriwa, tena kwa heshima kubwa.

Inafaa msomaji ajue anaazima jicho la nani. Maisha yangu ya kazi niliyamaliza sokoni nikikagua mizani na vibaba, nikigonga muhuri pishi ya haki na kuivunja ya uongo. Mtu wa kazi hiyo huzeeka na maradhi yake: hawezi kuona vitu viwili vya kazi moja vyenye vipimo viwili bila kichwa kumgonga. Huko Kokwa kichwa kilinigonga tangu siku ya kwanza, na hakikuacha.

Langoni nilimkuta mlinzi, Bwana Faki, mtu mpole mwenye sauti ya kuomba radhi. Hakuniuliza jina wala nitokako.

"Bwana mgeni, umekuja na kitu chochote ulichokitengeneza kwa mkono wako?"

"Hapana."

"Vyema. Basi ukiwa huku nakusihi, usitengeneze kitu."

Nilicheka nikidhani ni utani wa walinzi. Yeye hakucheka. Akanipeleka kulala kwa Fundi Machano, kwa sababu, alisema, Fundi ana chumba kitupu na vitu vyake keshavifunga.

Fundi Machano alikuwa mzee mrefu aliyeanza kupinda, mwenye vidole vilivyojaa makovu ya kisu. Nyuma ya mlango wake palikuwa na mfuko wa safari uliofungwa kamba. Nikamuuliza anaondoka lini.

"Msimu huu, Mungu akipenda," alisema. Kisha akaufungua ule mfuko, akatoa kanzu mbili na shuka, akazitandaza karibu na taa ya uani zisije zikaota ukungu, maana Kokwa haina jua. Alizitandaza kama mtu aliyekwisha kuzitandaza mara nyingi.

Sasa sharti nieleze habari ya mianzi. Amri zote za Kokwa husafiri ndani ya mianzi. Kila herufi ya amri huchongwa kwenye kipande kidogo cha mti, vipande hupangwa ndani ya mwanzi, na cha mwisho huwa kitupu, hakina herufi. Maana yake ni kwamba amri imekwisha. Msomaji wa amri hutoa kipande kimoja kimoja, na sheria inamkataza kusimama kabla hajakutana na kile kitupu. Inamkataza vilevile kufikiri. Zamani mwanzi ulikuwa mwanzi tu, na aliyesahau kutia kipande kitupu alisahau. Msomaji akifika mwisho asikione, hunyosha mkono kwenye mwanzi wa jirani katika rafu, akaendelea kusoma.

"Ndivyo walivyozama watu wa mtaa wa Bondeni," Fundi alinisimulia tukiwa tunakula. "Mlinzi wa maji aliletewa amri: fungua mlango wa maji. Kipande kitupu hakikutiwa. Akachukua mwanzi wa pembeni, wa watu wa taa, nao unasema: mpaka asubuhi, washa taa zote."

"Akafanya nini?"

"Afanye nini tena? Alifungua maji mpaka asubuhi. Na taa akaziwasha. Watu waliyaona maji vizuri sana yakiingia vyumbani."

Alisema hivyo bila kutabasamu. Mke wake alikuwa mmoja wa walioyaona.

Baada ya gharika hiyo ndipo alipotengeneza mwanzi wake. Kile kipande kitupu alikigandisha chini kabisa, kikawa sehemu ya mwanzi wenyewe, hata karani mzembe kuliko wote asiweze kukisahau. Mdomo wake ulifunguka kwa kuzungushwa kushoto, kwa sababu Fundi ni mashoto. "Kwetu tuko mashoto wawili," aliniambia, "mimi na dada yangu Mize. Mama alitupiga, akachoka." Na kwenye ukingo wa kila mwanzi alichoma maneno mawili kwa chuma cha moto: wa muda.

"Muda gani?" nilimuuliza.

"Mpaka Ghala litengeneze wake."

Ghala la Wote ni lile ambalo nchi zote za juu huchukua humo zana zao, zikiwa na kipimo kimoja. Wakati wa gharika Ghala halikuwa na mwanzi wa kuweza kushushwa Kokwa. Baadaye mafundi wake walikuja, wakauona wa Machano, wakamwomba wauige, naye akawapa kwa mikono miwili. Wakatengeneza wao: urefu uleule, upana uleule, kipande kitupu chini vilevile. Tofauti ni moja tu. Wa Ghala huzungushwa kulia, kwa kuwa walimwengu wengi hutumia mkono wa kulia. Ilikuwa miaka mingi tangu mwanzi huo uwepo, mzuri, imara, wa bure, na Kokwa nzima bado inatumia ule wa muda.

Nilimuuliza kwa nini jambo hilo linamhangaisha yeye, mzee, badala ya kuwaachia wenye nchi. Akanionyesha maandishi yaliyochongwa juu ya kila mlango wa Kokwa, ambayo mimi nilikuwa nimeyachukulia kuwa pambo: Mwenye kitu hatoki maadamu kitu chake kinatumika. Zamani fundi mmoja aliondoka, kitu chake kikaharibika, hakuna aliyejua kukitengeneza. Tangu hapo anayeunda kitu hukaa nacho. Anaweza kuachiliwa ikiwa mwingine ataandikisha jina lake mahali pake, lakini nani ataandikisha jina lake kwenye kifungo cha mwenziwe? Ndiyo maana Bwana Faki alinisihi vile langoni.

"Kwa hiyo mwanzi wako ndio uliokufunga," nilisema.

"Haujanifunga, bwana. Umenizoea tu." Akaosha mikono. "Dada yangu yuko juu, peke yake. Kila mwaka namwandikia kwamba nitachelewa kidogo. Mwaka jana alinijibu kuwa macho yake yanafifia. Njoo, akasema, wakati bado naweza kukuona. Nataka anione. Sina jingine ninalolitaka katika dunia hii."

Nilimhurumia, na tangu hapo nikamfuata katika mizunguko yake. Sikuwa na la kufanya zaidi ya kubeba maji ya kunywa.

Badiliko lolote Kokwa hubebwa na yule aliyelileta. Fundi alijaza kikapu mianzi ya Ghala, akakitia begani, akaenda nacho wilaya kwa wilaya. Kila wilaya ina Mtunzaji wake, na hakuna kinachoingia pasipo ridhaa ya Mtunzaji. Wa kwanza alikuwa Bi Riziki, Mtunzaji wa Taa, mama mnene mwenye kicheko cha karibu. Alitukaribisha kahawa na kashata, akaugeuza mwanzi wa Ghala mkononi, akausifu.

"Fundi, kazi safi. Sina kipingamizi hata chembe. Andika kwamba Riziki ameridhia."

"Basi nikuachie mianzi yako, mama?"

"Aa, usiniachie mimi, baba! Rafu zangu zimeungana na za Saa. Ipitie kwa Bwana Ussi. Akipokea yeye, na mimi nimepokea."

Bwana Ussi ndiye Mtunzaji wa Saa. Ni mtu mkavu, nadhifu, na ofisini kwake saa zote hugonga pamoja. Yeye pia alisema hana kipingamizi, ila mianzi ya Taa ipitie kwa Taa. Tukarudi kwa Bi Riziki, tukanywa kahawa nyingine. Tukaambiwa kwamba yeye alikwisha ridhia, ametuudhi nini? Tukarudi kwa Ussi. Nilikunywa kahawa nyingi nzuri siku zile, na mpaka leo nikisikia harufu yake huona usingizi.

Mara ya tatu au ya nne, Bwana Ussi alichungulia kikapu, akakunja uso.

"Fundi, hiki kikapu ni kikubwa mno. Nani atakagua yote haya? Kagawe."

Fundi akaenda akagawa, akarudi na vikapu vidogo vingi, kila kimoja na mianzi ya mtaa wake. Bwana Ussi akavitazama vilivyopangwa mlangoni.

"Vingi mno hivi. Nitajuaje kipi kinatangulia kipi? Kaviunganishe."

Nilitaka kusema neno, Fundi akanikanyaga mguu. Njiani nikamuuliza anawezaje kuvumilia. Akasema Bwana Ussi si mtu mbaya, ila amelala akiogopa kila usiku tangu apewe kazi ile, na mtu anayeogopa hutafuta kasoro kama mwenye njaa anavyotafuta makombo.

Halafu kuna habari ya msimu. Milango ya mabadiliko hufunguliwa kwa muda mfupi, kisha ikafungwa. Kisichoingia hurudi mwanzo, na ridhaa zote zilizokusanywa hufa, hata ile ya Bi Riziki aliyoitoa kwa kicheko. Kila Fundi aliporudi mwanzo, alikuta mianzi ya kale imeongezeka, kwa kuwa yeye alipokuwa anazunguka na mipya, makarani walikuwa wanaagiza ya zamani.

"Mbona mnaagiza ya zamani?" nilimuuliza karani mmoja.

"Kwa sababu mipya haijafika."

"Na hiyo ya zamani anaitengeneza nani?"

Karani akanitazama kama aliyeulizwa mama yake ni nani. Jioni ile nilirudi nyumbani nikamkuta Fundi Machano amekaa na kisu chake, anachonga mianzi ya aina ileile aliyoshinda mchana kutwa akiomba iondolewe. Sheria ilimtaka. Kitu chake kinatumika, kimeagizwa, basi atengeneze. Sijui kama nimewahi kuona jambo lililonichosha zaidi ya lile, na mimi niliwahi kukagua mizani ya wauza dagaa.

Mwishowe wakaruhusu jaribio katika mtaa mmoja. Msomaji wa pale alikuwa amezungusha kushoto maisha yake yote, akazungusha kushoto mwanzi wa Ghala kwa nguvu, ukapasuka, vipande vikamwagika. Juu, katika mji ambao sitautaja, milango ya barabara nzima iligoma kufunguka mpaka adhuhuri, na harusi moja ikafanyika dirishani. Baraza la Watunzaji likatoa uamuzi: badiliko linaweza kuja, mradi mkono wa mtu yeyote usibadilike.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Fundi hakudhani hivyo. Alikaa mezani na kipande cha shaba, akakata, akapinda, akasugua, huku akiimba chini chini wimbo wa watoto. Kulipokucha alikuwa amepata kipete, pete ndogo ya kuvishwa kwenye mdomo wa mwanzi wa Ghala. Ukikivisha, mwanzi hufunguka ukizungushwa kulia, na hufunguka ukizungushwa kushoto, laini kama mlango uliotiwa mafuta. Nimeshika vifaa vya mafundi wengi, na nilimwambia kweli kuwa sijashika kilichotimia namna ile. Alifurahi, akapunga mkono kana kwamba anafukuza nzi.

"Hiki si kitu, bwana. Ni cha kuwavusha tu, mpaka wasomaji wazoee." Na kwa mazoea yake akachoma kwenye shaba: cha muda.

Baraza likakutana. Nilikaa katika benchi la wageni, peke yangu. Bwana Ussi ndiye aliyeanza.

"Waheshimiwa, mtumai cha nduguye hufa maskini. Leo Ghala linatupa mwanzi. Kesho likiamua kubadilisha mdomo wake, sisi tutafungua kwa meno?"

Wakacheka. Bi Riziki akainua mkono. "Bwana Ussi, springi za saa zako zinatoka wapi?"

"Ghalani. Lakini hizo ni springi."

"Na hii ni mianzi. Haya, tofauti yake?"

"Tofauti ni kwamba springi nimezikuta. Hii naambiwa niilete mimi. Kikiharibika nilichokikuta, nimekikuta. Kikiharibika nilichokileta, nimekileta."

Watunzaji wengi walitikisa vichwa kukubali. Nakiri kwamba katika miaka yangu ya ofisi sikuwahi kusikia siri ya ofisi zote ikisemwa waziwazi namna ile, na nilimheshimu kidogo.

Ndipo Fundi Machano aliposimama. Hakuwa msemaji, alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Waheshimiwa, mwanzi wa Ghala ni huu huu wangu. Wameutoa kwangu, wakautengeneza vizuri kuliko nilivyoutengeneza mimi. Kinachogombewa hapa ni upande wa kuzungusha. Upande huo niliuchagua mimi, na niliuchagua kwa sababu ni mashoto. Hapakuwa na hekima yoyote. Mmekaa miaka yote hii mnalinda mkono wangu wa kushoto. Mimi mwenyewe nawaombeni muuache."

Nilidhani amewashika.

"Hata hivyo," alisema Bwana Ussi kwa upole, "tumeuzoea."

Muda uliobaki wa kikao ulitumika kujadili rafu zipakwe rangi gani. Hapo kila Mtunzaji alikuwa na maoni, na wengine walisimama mara mbili. Kipete chenyewe kilipita wakati mtu mmoja anakohoa. Kitu kisichobadilisha lolote hakina mpinzani Kokwa.

Bwana Ussi alipokea mianzi siku ya mwisho ya msimu, wala si kwa kushindwa hoja. Alitoka ofisini kwenda kwake, akamkuta Fundi amekaa kizingitini na kikapu chake, akashusha pumzi.

"Haya, lete. Lete, Fundi. Nimekuona mlangoni hapa mpaka mke wangu ananiuliza habari zako kama ndugu yetu."

Nimejifunza kuwa mambo mengi ya Kokwa huamuliwa hivyo. Mwenye haki ni yule anayechelewa kuchoka, na Fundi Machano alikuwa amechoka zamani ila hakuwa amemwambia mtu.

Mianzi ya kale ikatolewa rafuni, wilaya baada ya wilaya, na ya Ghala ikawekwa, kila mmoja na kipete chake cha shaba kinachong'aa. Wasomaji walizungusha kushoto kama walivyozoea, ikafunguka, na wengi hawakujua kama kuna lililotokea. Juu hakuna mlango uliogoma wala taa iliyopepesa. Ule mwanzi wa mwisho wa kale Fundi aliuvunja mwenyewe kwa goti, kama inavyotakiwa, akalia, na hakujificha. Sikumuuliza kama ni huzuni au furaha. Nadhani hata yeye asingejua kugawa.

Kesho yake alivaa moja ya zile kanzu, akajitwika mfuko, akafunga mlango wake na kumpa jirani ufunguo. Njia nzima alizungumza, yeye ambaye alikuwa mtu wa maneno machache. Alinieleza nyumba ya dada yake ilivyo, chumba cha uani dada alichomtengea, mkate wa kumimina anaoupika mpaka ukingo ukawa mkavu. Alisema hatamwambia kitu akifika. Atakaa mbele yake kwenye mwanga, dada amtazame mpaka ashibe.

Langoni Bwana Faki alikuwa amevaa nguo yake ya siku kuu. Alikwisha sikia, na alikuwa anatabasamu.

"Fundi Machano, sheria inanitaka nikuulize. Kuna kitu chako kinachotumika?"

"Hakuna, mwanangu. Wa mwisho nimeuvunja jana."

"Alhamdulillahi. Basi nisome ruhusa yako."

Akanyosha mkono kwenye rafu ya lango, akachukua mwanzi wenye ruhusa, akauzungusha kushoto. Ukafunguka. Vidole vyake vikabaki juu ya kile kipete. Alikitazama, akakigeuza kwenye mwanga, akayasoma yale maneno mawili, na nikaona tabasamu lake likiondoka taratibu.

"Fundi," alisema kwa sauti ndogo kabisa, "hiki kimetoka Ghalani?"

Nilielewa kabla Machano hajaelewa. Nikamshika mkono, nikamminya, nikimwomba kimoyomoyo aseme ndiyo. Neno moja tu, na hapakuwa na mtu wa kumpinga. Bwana Faki mwenyewe alikuwa anamwangalia kwa macho ya kumsihi.

Mzee alikitazama kipete kwa muda mrefu. Miaka yote ile alihesabu mianzi, na kipete hakukihesabu. Kwake kilikuwa ni msaada, hakikuwa kitu. Sasa kilikuwa katika kila rafu ya Kokwa.

"Hapana," alisema. "Ni changu."

"Kwa nini usiseme kimetoka Ghalani?" Faki alikuwa karibu kulia. "Ningeandika hivyo hivyo!"

"Kikiharibika kesho, utampelekea nani Ghalani? Watakuambia hawakijui. Na maji yakifunguliwa?"

Nilimwambia Bwana Faki kwa hasira aandikishe yeye jina lake mahali pa Fundi, maana kazi yenyewe ni kipete cha shaba. Akatazama viatu vyake. Nikamwambia aandike langu. Akasema, kwa ile sauti ya kuomba radhi, kuwa mgeni haruhusiwi. Niliwakasirikia wote, Faki na Ussi na Bi Riziki na kahawa yake, na nilimkasirikia Machano zaidi ya wote kwa kuwa alikuwa na haki.

"Watazoea kulia," alisema Fundi. "Wakizoea, kipete kitatolewa."

"Watazoeaje kulia, na kipete kinawaruhusu kushoto?"

Fundi alikaa juu ya mfuko wake, akamwomba Faki mwanzi mtupu na vipande vya herufi. Akavipanga polepole, akauvisha mwanzi kipete, akaufunga, akanipa.

"Mpelekee Mize. Yuko njiani kwako."

Alisimama, akajitwika mfuko upya, akarudi alikotoka. Hakugeuka nyuma. Nilipanda ngazi, na juu ya ngazi sina la kusema.

Nyumba ya Bi Mize niliipata bila kuuliza, kwa jinsi nilivyoelezwa. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na wingu. Chumba cha uani kilikuwa kimefagiwa, kitanda kimetandikwa. Harufu ya mkate wa kumimina ilikuwa hadi barabarani. Alisikia hatua zangu, akasimama upesi, akasikiliza tena, akakaa.

"Si yeye," alisema.

"Si yeye, mama. Ila ameniagiza."

Nikampa mwanzi. Alipapasa mdomo wake kwa mkono wa kushoto, akauzungusha kushoto, ukafunguka. Akatoa vipande kimoja kimoja juu ya kanga, akivisoma kwa ncha za vidole, midomo ikimchezacheza, mpaka kidole kikagusa kile kitupu kilichoganda chini. Maneno yalikuwa yaleyale ya kila mwaka: nitachelewa kidogo.

"Kidogo ni kidogo tu," alisema. Akavirudisha vipande ndani, vyote, kwa mpango wake, akaufunga mwanzi. Lakini hakuuweka chini. Aliufungua tena, akaufunga, akaufungua, akisikiliza jinsi unavyozunguka laini.

"Mianzi ya Ghala siku hizi inanishinda," aliniambia. "Yote inataka mkono wa kulia, nami vidole vyangu haviwezi tena kujifunza. Lakini huu! Nani aliyebuni hiki kipete? Alinifikiria, Mungu amjalie. Ukishuka tena huko, mwanangu, waambie wasije wakakitoa."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hawatakitoa.